Majina ya nyuma ya kaye

Kibanda changu kiko Ngongolio, komini ya Mulekera, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, na humo nauza vitu vya masomo tu: kaye, yaani madaftari, biki, penseli, lati za kupigia mistari, gundi, chaki, karatasi za mtihani. Kabla yake nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kazi ambayo mshahara wake humfundisha mtu biashara. Mteja akishika kaye huuliza bei na idadi ya kurasa. Mimi huigeuza kwanza nisome maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali la kuzidisha, pale kiwanda kinapoweka jina lake na mji wake. Nina tabia hiyo tangu utotoni. Majina hayo yamebadilika mara nyingi, na kila yalipobadilika palikuwa na njia iliyofungwa mahali na nyingine iliyofunguka. Mambo mengi ninayoyajua kuhusu biashara yetu, kutoka Butembo hadi Kasindi mpakani, niliyaanzia hapo.

Marehemu baba hakuanzia kwenye kaye. Mapadri wa shirika la Assomption walifika upande wa Beni mwaka 1929, na katika shule yao alipewa ardwazi, kibao cha jiwe jeusi, pamoja na tushi, kijiti cha jiwe laini cha kuandikia. Akimaliza hesabu, mwalimu anapita, anakagua, kisha mtoto anafuta kwa kiganja na mate. Hakibaki kitu. Wazee wa rika lake walikuwa na katekisimu nzima kichwani, na sioni ajabu: hapakuwa na pengine pa kuiweka. Kaye na penseli zilikuja katika madarasa ya juu, na ziligawiwa kwa hesabu. Baba alisimulia kuwa penseli moja ilikatwa katikati iwatoshe watoto wawili, na jirani yake alipata kipande chenye maandishi ya dhahabu, yeye akapata kitupu. Aliudhika hadi uzeeni.

Penseli hiyo ilitoka mbali, ingawa mti wake huenda haukutoka mbali kiasi hicho.

Mambo ya penseli yalianzia Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, ambako katika karne ya 16 ilipatikana grafiti safi kabisa, inayokatwa vipande kama muhogo. Kwa muda mrefu dunia ilitegemea mlima ule mmoja. Vita vya mapinduzi ya Ufaransa vilipoukata usafirishaji, Wafaransa wakabaki bila penseli, na Nicolas-Jacques Conté akapewa kazi ya kutafuta njia nyingine. Mwaka 1795 alipata hataza ya ufumbuzi wake: unga wa grafiti hafifu unachanganywa na udongo wa mfinyanzi, unaundwa vijiti vyembamba, vinachomwa kwenye tanuri. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na kuandika kwa weupe. Ukipungua, inakuwa laini na nyeusi. Viwanda vyote hadi leo vinafuata njia hiyo, na alama za H na B zinazowachanganya wazazi kibandani kwangu ni kipimo cha udongo tu.

Kabla ya Conté, mwaka 1761, seremala mmoja aitwaye Kaspar Faber alikuwa ameanza kutengeneza penseli huko Stein, karibu na Nürnberg, Ujerumani. Kitukuu wake Lothar alishika kiwanda mwaka 1839, na ndiye aliyeona kwamba penseli isiyo na jina inauzwa kwa bei ya mwenye duka, na yenye jina inauzwa kwa bei ya aliyeitengeneza. Akachapa jina la A. W. Faber kwenye mbao. Waigaji wakamwandama mara moja. Alichoka nao hadi akapeleka ombi bungeni mwaka 1874 kutaka sheria ya kulinda alama za biashara, na sheria ikapatikana. Namkumbuka bwana huyo kila nifunguapo boksi la biki ambalo jina lake limebadilishwa herufi moja tu.

Sasa ule mti. Penseli nzuri inataka mti ulionyooka, usio na mafundo, unaochongeka bila kupasuka. Kwa miaka mingi ulikuwa mwerezi mwekundu wa Marekani. Ulipoanza kuadimika, watengenezaji wa Ulaya wakatafuta ndugu yake, wakamkuta katika milima ya Afrika Mashariki. Wataalamu wanamwita Juniperus procera, na Waingereza walimpa kabisa jina la mwerezi wa penseli. Huko Usambara, katika msitu wa Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha kupasua mbao mahali ilipopaita Neu-Hornow. Mlima ulikuwa mkali mno kwa reli, kwa hiyo ikajengwa njia ya kamba za chuma ya kuteremsha magogo hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Hayo yote yalifanyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye, chini ya Waingereza, mwerezi wa Kenya nao ulipasuliwa kuwa vibao vyembamba na kupakiwa melini.

Vibao hivyo ndivyo roho ya kazi. Watoto wengi hudhani mti hutobolewa, kisha risasi inasukumwa ndani. La. Kibao kinachimbwa mifereji iliyolingana, kila mfereji unalazwa kijiti cha grafiti, juu kinagundishwa kibao cha pili chenye mifereji ileile, kisha mashine inakata kati ya mstari na mstari. Penseli kadhaa zinatoka kwa mara moja. Ukichonga penseli ya bei rahisi na kuona upande mmoja wa mti unafika mbele kuliko mwingine, jua vibao viwili havikukaa sawa siku ile. Hapo ncha itavunjika hata ukiichonga kwa wembe mpya.

Basi Afrika Mashariki iliuza vibao na kununua penseli. Sisemi hili kwa kulia. Hata kahawa yetu ilipita njia hiyo.

Enzi ya Wabelgiji na miaka ya kwanza ya uhuru, mwenye duka la maana huku alikuwa mgeni. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Nchi nzima ilishuhudia yaliyofuata: waliopewa maduka waliuza mali iliyokuwamo, kisha rafu zikabaki tupu, kwa maana hawakuwa na njia ya kuagiza nyingine. Butembo ilikwenda kivyake. Wafanyabiashara wa kabila la Wanande, wengi wao walioanza na mboga, maharage na kahawa, waliingia katika nafasi ile, na hawakungoja Kinshasa iwaonyeshe njia. Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu kuhusu watu hao mwaka 1982, akiwafuata tangu 1960 hadi 1980, na atakayeisoma ataona kwamba mtaji wao wa kwanza ulikuwa jamaa na uaminifu wa mdomo. Gari lilitoka na kahawa kuelekea Uganda na Kenya, likarudi na sabuni, vitambaa, vipuri, na chini ya turubai mafurushi ya kaye. Forodhani mambo yalipatanwa kwa njia zinazojulikana. Karatasi za watoto wetu ziliingia kwa magari yasiyo na karatasi.

Mwaka 1974, wakati rafu za Zaire zinakauka, huko Webuye, magharibi mwa Kenya, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutoa karatasi. Kilikaa kando ya mto Nzoia, kikala misitu ya kupandwa, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kiwanda kikubwa cha karatasi katika eneo lote hili. Barabara kuu ya kutoka Eldoret kwenda mpakani Malaba inapita papo hapo. Madereva wa Butembo walikuwa wanasema unaamka usingizini kabla ya kufika, kwa ile harufu ya mayai yaliyooza inayotoka kwenye mitungi ya kuchemshia mti. Mjomba wangu, aliyekuwa turniboi, alirudi nayo kwenye koti. Tanzania nayo ilifungua kiwanda chake Mgololo, Mufindi, mwaka 1985, lakini karatasi ya huko sikuiona huku. Njia yetu haikuelekea kusini. Webuye ilifungwa mwaka 2009 baada ya madeni na umeme ghali kuilemea, ingawa baadaye ilipata mnunuzi mwingine.

Hapa nataka tuelewane, maana watu huchanganya. Kiwanda cha kaye na kiwanda cha karatasi ni vitu viwili. Cha karatasi kinataka msitu, mto, kemikali na fedha za serikali. Cha kaye kinanunua karatasi ikiwa imeviringwa kwenye roli kubwa, iwe ya Webuye au ya ng'ambo. Kinachapa mistari, kinakunja, kinapiga pini, kinakata kingo, kinafunga. Kartasi ya Nairobi, yenye kaye za Kasuku, na Picfare ya Kampala zinafanya kazi ya aina hiyo. Mashine zake zinaingia katika ghala la ukubwa wa maghala ninayoyaona Butembo kila nikienda. Fedha zipo, maana walioleta kontena kutoka upande wa pili wa dunia hawawezi kushindwa na mashine ya kukunja karatasi. Nimewahi kumuuliza mmoja wao kwa nini hawaanzishi kiwanda. Akanijibu kwa upole, "Papa mwalimu, kontena nikiliuza leo, fedha zinarudi njiani kesho. Mashine inakaa hapa. Nani atailinda?" Kwa miaka tuliyoipitia huku, hilo ni jibu la mtu mwenye akili. Wamekuwa mabingwa wa njia kwa sababu njia inaweza kuhamishwa.

Kaye za Kenya na Uganda zilitusumbua darasani kwa jambo moja ambalo wenye viwanda hawakuwa na sababu ya kulijua. Shule zetu zimerithi mwandiko wa Kibelgiji, wa herufi zilizounganishwa, wenye mikia na vichwa vya urefu maalumu. Mtoto anataka mistari midogo ya kumwongoza: mkia uishie hapa, kichwa kifike pale. Kaye ya Kiingereza ina mstari mmoja na nafasi tupu. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka nilikaa na lati na penseli, nikaongeza mistari kwa mkono katika kaye za wanafunzi wa darasa la kwanza, ukurasa kwa ukurasa, nikisaidiwa na yeyote aliyekuwa nyumbani. Wakubwa walijipangia wenyewe. Kwenye jalada waliandika jina mbele ya "Name", na penye "Subject" wakapaacha wazi.

Biki ina habari yake. Ishike Cristal, ile ya kampuni ya BIC, kwenye mwanga. Mwili una pande sita ili isibingirike kwenye dawati lililoinama. Ubavuni mwake kuna tundu dogo la kuingiza hewa. Lizibe, na wino utakataa kushuka. Kifuniko nacho kina tundu juu, tangu 1991, ili mtoto akikimeza aweze kupumua hadi asaidiwe. Kwenye ncha kuna kigololi cha milimita moja, na tangu 1961 kinatengenezwa kwa kabaidi ya tangsteni, kitu kigumu kuliko chuma cha panga. Mhangaria László Bíró ndiye aliyepata hataza ya kalamu ya namna hii mwaka 1938. Marcel Bich, pale Clichy nje ya Paris, akanunua haki, akaitoa Cristal mwaka 1950 kwa bei ambayo hata mtoto wa mkulima angeweza kuifikia. Kufikia 2006 kampuni ilikuwa imeuza kalamu bilioni 100. Mimi nimeshika sehemu yake isiyo ndogo, na mgongoni nilipigwa mara nyingi na karatasi iliyotafunwa, ikipulizwa kwa mirija mitupu.

Ila biki tulizozitumia huku hazikutoka Clichy. Nairobi, kampuni ya Haco ilizitengeneza kwa leseni kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa 2018 BIC wenyewe walipoinunua kazi hiyo. Kampala kulikuwa na mpinzani: Nice House of Plastics, kiwanda alichokianzisha James Mulwana mwaka 1970, kikaanza na miswaki. Mulwana, aliyefariki 2013, alijenga viwanda katika nchi iliyokuwa ikifukuza wenye viwanda, akabaki palepale wakati wa Amin na baada yake. Ndiyo maana jibu la yule tajiri wa Butembo, pamoja na busara yake, halikunikata kiu. Uganda ya miaka ile haikuwa mahali salama pa kuweka mashine.

Vita vya 1998 viligeuza mambo tena. Beni ikawa makao ya chama cha waasi cha RCD-K/ML cha Mbusa Nyamwisi, na mpaka wa Kasindi ukawa mdomo wetu. Wafanyabiashara wakubwa walikopesha chama ushuru kabla ya mali kufika, kisha magari yao yakavuka kwa masharti waliyokubaliana. Watafiti wameandika mengi juu ya mapatano hayo, mazuri na mabaya yake. Kibandani yalionekana hivi: majina ya Nairobi yalipungua, ya Kampala yakajaa, na bei haikuruka kama tulivyoogopa. Wakati huohuo wengine walikuwa wamekwisha kupanda ndege kwenda Dubai, na baada ya Dubai wakafika Guangzhou. Hapo ndipo maandishi ya nyuma ya kaye yalipoanza kutoweka. Jalada lina mchezaji mpira au binti wa filamu, lina Kifaransa kizuri, na jina la kiwanda halipo. Nageuza na kugeuza, sioni kitu ila nchi: China.

Kuna mji mdogo, Fenshui, wilayani Tonglu, mkoa wa Zhejiang, ambao kazi yake ni kalamu. Nadhani nyingi za kwangu zimepita huko au kwa majirani zake. Nao wana aibu yao waliyoitatua juzijuzi tu: China ilitengeneza mabilioni ya kalamu kwa mwaka, na bado chuma cha ile ncha inayoshika kigololi ilikinunua nje, hadi waziri mkuu Li Keqiang akalalamika hadharani. Mwanzoni mwa 2017 kiwanda cha chuma cha Taiyuan kikatangaza kuwa kimekipata. Nilipoisikia habari hiyo nilifarijika kidogo. Ikiwa nchi iliyorusha watu angani ilishindwa na ncha ya biki, basi anayeleta biki zinazovuja asinifanye mimi mjinga kwa kuniambia zote ni sawa. Nazijua kwa kuandika nazo kwenye ganda la ndizi: iliyo nzima inaandika, mbovu inakwaruza.

Ya miaka ya karibuni nitayapita haraka, si kwa sababu ni mepesi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo letu yamewaleta mjini watoto waliokimbia bila kitu, na mtoto wa aina hiyo anafika kibandani na mlezi anayeuliza kama kaye inaweza kukatwa nusu. Naikata, kwa kisu, kwenye pini. Mwezi wa Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, hapo jirani. Katika vituo vya matibabu kalamu na karatasi zikiingia eneo la wagonjwa hazitoki tena, daftari la mgonjwa linasomwa kwa sauti ng'ambo ya uzio, kwa hiyo biki ziliondoka kwa maboksi. Mwaka 2019 serikali ikatangaza elimu ya msingi bila malipo, madarasa yakafurika, na sijawahi kuishiwa kaye kama mwezi ule wa Septemba.

Siku hizi jirani yangu, mama mmoja aliyepoteza kazi ya hoteli, anatengeneza chaki uani. Anachanganya plasta na maji haraka, kwa sababu inaganda kabla hujamaliza sala ya Baba Yetu. Anamimina kwenye kalibu iliyopakwa mafuta, anatoa, anaanika kwenye wavu siku za jua. Mvua ikija anahamishia chaki chini ya kitanda. Ya kwanza ilikuwa ngumu, ikakwaruza tablo. Akapunguza plasta, akaongeza maji, na sasa inaandika vizuri kuliko ile ya boksi, ingawa inatoa vumbi zaidi. Plasta yenyewe anainunua kutoka Uganda.

Agosti, kabla ya masomo kufunguliwa, kijana anayenisafirishia mizigo hupiga simu kutoka Kampala. "Papa mwalimu, nikuletee Picfare au za China?" Namwambia za Uganda kwa darasa la kwanza na la pili, kwa kuwa wanafuta sana na karatasi yake haitoboki kwa gome ya kufutia, za China kwa wakubwa. Biki alete Nice, boksi moja alifungue na kuzijaribu mbele ya muuzaji. Penseli achonge moja kabla ya kulipa. "Na chaki?" Chaki asilete, namjibu, ila aniwekee mifuko miwili ya plasta, na aifunike vizuri pale Kasindi, mvua zisiikute kwenye foleni.